Wingi Si Umoja Uliorudiwa



Kuna jibu ambalo vijana wetu wa kompyuta hulitoa kwa wepesi mno, nami nimechoka kulisikia. Waulize iwapo programu yao inayoshughulikia kitu kimoja inaweza kupanuliwa ili ishughulikie vitu vingi kwa amri moja. Watakujibu: "Weka kitanzi tu, mwalimu, yamekwisha." Kitanzi, kwa wasiojua, ni maelekezo ya kuirudia amri ileile mara nyingi: soma la kwanza, soma la pili, soma la tatu, hadi yaishe. Kwao wao, kutoka kimoja kwenda vingi ni suala la kurudia tu. Wanaamini kuwa wingi ni umoja uliosemwa mara nyingi.

Mtu aliyefundisha sarufi ya Kiswahili walau muhula mmoja hawezi kulikubali jibu hilo. Mwanafunzi wa kidato cha kwanza akiandika "shairi hili zuri limekosa mizani", kisha akatakiwa kuiweka sentensi hiyo katika wingi, haandiki "shairi hili zuri limekosa mizani, shairi hili zuri limekosa mizani, shairi hili zuri limekosa mizani". Huandika "mashairi haya mazuri yamekosa mizani". Nomino imebadilika, kionyeshi kimebadilika, kivumishi kimebadilika, na kitenzi nacho kimebadilika kichwani mwake. Namba ilipogusa neno moja, sentensi nzima ilisogea ili ipatane nayo. Hilo ndilo somo ambalo watunzi wa programu hawajalisikia, na ndilo nitakalo kulisema leo: kupanua amri kutoka kimoja hadi vingi ni kazi ya sarufi kabla haijawa kazi ya hesabu, na asiyeijua sarufi hiyo atatuharibia maandishi yetu.

Nitoe mfano ulio karibu nasi. Mmoja wa wanafunzi wangu wa zamani alinitungia programu ndogo ya kupima mizani. Ni programu ya mstari wa amri, yaani haina picha wala vitufe vya kubofya. Unaandika jina lake kwa kibodi, unaandika jina la faili lenye shairi, nayo inakuonyesha kila mshororo una silabi ngapi. Kwa shairi moja inafaa sana. Lakini mimi sina shairi moja. Nina mashairi yaliyotoka katika madaftari ya miaka mingi, ya wanafunzi na ya wazee wa mtaani ambao wengi wao wamekwisha kututoka. Yamepigwa chapa, kila shairi katika faili lake, nayo sasa yamezidi 300. Mashairi hayo yanataka kupimwa, kulinganishwa na kusahihishwa makosa ya chapa kabla hayajafanywa diwani. Amri moja kwa shairi moja, mara 300, si kazi ya mzee mwenye miwani.

Basi amri ipanuliwe. Hapo ndipo nilipoambiwa niweke kitanzi, na hapo ndipo ugomvi wangu unapoanzia.

Jambo la kwanza ambalo wingi hudai ni jina. Kitu kikiwa kimoja hakihitaji kutajwa. Ukiwa na mtoto mmoja nyumbani, ukisema "amelala" inatosha. Ukiwa na watoto sita, "amelala" ni fumbo. Kadhalika programu inayopima shairi moja inaweza kusema "mshororo wa 3: silabi 15" na ukaelewa. Ikirudiwa kwa mashairi 300, utapata mamia ya mistari inayosema "mshororo wa 3" bila kukuambia wa shairi lipi. Kitanzi kimefanya kazi yake, lakini jibu halina maana.

Wazee wa fani hii walilijua jambo hilo mapema. Katika mfumo wa Unix, ulioanza kutungwa katika maabara za Bell huko Marekani mwaka 1969, kuna programu ndogo iitwayo wc inayohesabu mistari, maneno na herufi. Ukiipa faili moja hukupa hesabu yake. Ukiipa mafaili mengi, hutoa mstari mmoja kwa kila faili, pamoja na jina lake, na mwishoni huongeza mstari wa jumla ambao haukuwapo faili lilipokuwa moja. Ndugu yake grep, atafutaye maneno ndani ya maandishi, naye hufanya vivyo hivyo: ukimpa faili moja hukuonyesha mistari aliyoipata, ukimpa mengi, huanza kila mstari kwa jina la faili ulimotoka. Waliozitunga hawakurudia tu. Walijua kuwa wingi hubadilisha umbo la jibu. Huo ndio upatanisho, ingawa wao hawakuuita hivyo.

Tena jina lenyewe halina budi kuheshimiwa. Majina ya mashairi yetu yana nafasi ndani yake, kwa kuwa ni maneno ya watu. Chukua faili liitwalo "Mama na Mwana.txt". Kitanzi kilichoandikwa kwa haraka, bila alama za kunukuu zinazoliweka jina pamoja, hulikata jina hilo penye kila nafasi, kikaenda kutafuta faili liitwalo "Mama", jingine liitwalo "na", na la tatu liitwalo "Mwana.txt". Hakuna hata moja kati ya hayo. Shairi moja limekuwa mizimu mitatu. Vijana hunijibu kwamba kosa ni langu kwa kuweka nafasi katika majina, eti niunganishe maneno kwa vistari. Sivyo! Jina la shairi ni sehemu ya shairi. Mtunzi aliyeliita shairi lake kwa maneno matatu hakumwomba ruhusa mtu wa kompyuta, na hatamwomba. Programu iliyopanuliwa kwa uangalifu ndani yake hupokea kila jina likiwa zima, liwe na nafasi au lisiwe nayo. Ndiyo sababu nasema upanuzi ufanywe ndani ya programu, na mtunzi wake abebe dhamana, asimtwishe mtumiaji kazi ya kufuma vitanzi.

Jambo la pili ni kosa la mmoja kati ya wengi. Methali yetu inasema samaki mmoja akioza, wote wameoza. Kwa tengani la samaki methali hiyo ni kweli. Kwa programu ni maafa. Nimeona programu zilizopanuliwa ambazo, zikikutana na faili moja lisilosomeka, husimama papo hapo. Ikiwa faili bovu ni la 7, mashairi 293 yaliyobaki hayapimwi. Mzee amekwenda kunywa chai akiamini kazi inaendelea. Akirudi anakuta mkokoteni ulikwama mlango wa nyumba ya saba.

Kuna ubaya mwingine ulio mkubwa zaidi, kwa sababu hauonekani: programu inayoruka faili bovu kimya kimya, ikaendelea hadi mwisho, ikatangaza kwa furaha kuwa kazi imekamilika. Huyu ni shahidi wa uongo. Mhariri ataipeleka diwani kwa mpiga chapa ikiwa na mashairi 299, naye atakula kiapo kuwa yote 300 yalipimwa. Shairi lililorukwa huenda ndilo pekee lililobaki la mzee fulani asiyekuwa na mtoto wa kumtetea. Hivyo ndivyo maandishi yanavyopotea. Si lazima yachomwe moto. Yatosha yaachwe nje ya orodha na mtu asitambue.

Njia ya haki iko katikati ya ubaya huo wa namna mbili, na si ngeni. Iamuru wc ihesabu mafaili matatu, na la pili liwe halipo. Itahesabu la kwanza, itasema wazi kwamba la pili halikupatikana, itahesabu la tatu, itatoa jumla ya yale iliyoyasoma, na inapoondoka itaacha alama kwa mfumo kuwa kazi haikutimia yote. Angalia adabu iliyomo humo: mwenye kosa ametajwa kwa jina, wasio na kosa hawakuadhibiwa, wala hakuna aliyedanganywa. Nilipokuwa nikisahihisha mitihani, nilifuata sheria hiyohiyo. Karatasi moja ikiwa imelowa maji, sikuacha kusahihisha darasa zima, wala sikumwandikia mwenye karatasi hiyo alama za kubuni. Niliandika jina lake pembeni na kuendelea na wengine.

Jambo la tatu ni nafasi ya kila neno katika amri. Hapa wapenzi wa sintaksia watanielewa upesi. Katika Unix kuna amri ya kunakili iitwayo cp. Ukiipa majina mawili ya mafaili, la kwanza ndilo linalonakiliwa, na la pili ndilo nakala itakapowekwa. Ukiipa majina matatu au zaidi, yote hunakiliwa isipokuwa la mwisho, ambalo ni lazima liwe folda ya kuyapokea. Yaani neno lilelile, kwa kuwa limekaa mwisho, limeacha kuwa mtendwa na limekuwa mahali. Hakuna alama yoyote ya kulitofautisha ila nafasi yake tu.

Kiswahili hakifanyi biashara ya namna hiyo. Mahali tunapatia alama: tunasema "sandukuni" au "katika sanduku", na hakuna atakayedhani sanduku nalo linanakiliwa. Sasa tazama hatari. Mtu yumo katika folda yenye mashairi mawili tu. Anaandika amri ya kunakili, kisha nyota, ambayo maana yake ni "yote yaliyomo humu", akasahau kutaja folda ya kupelekea. Mfumo utaibadili nyota kuwa majina mawili, na cp, kwa utii wake wa kipofu, italinakili shairi la kwanza juu ya la pili. La pili limefutika. Hakuna swali lililoulizwa wala onyo lililotolewa, kwa kuwa kisarufi amri ilikuwa sahihi. Watunzi wa cp ya mradi wa GNU waliweka dawa: alama ndogo, herufi t yenye kistari mbele yake, inayotangulia jina la folda na kusema waziwazi kuwa hapa ndipo mahali. Kwa lugha yetu, waliiongezea amri yao kiambishi -ni. Nawasifu kwa hilo. Lakini dawa hiyo ni ya hiari, na asiyeijua hatibiwi nayo. Anayepanua programu leo hana sababu ya kulirithi kosa hilo. Mara programu inapopokea majina mengi, iambiwe bayana lipi ni kitu na lipi ni mahali.

Kuna pia tofauti zilizomo ndani ya vitu vyenyewe. Ukipima shairi moja unaiambia programu: hili ni utenzi, tarajia silabi 8 kila mshororo; au hili ni tarbia yenye vipande viwili, tarajia 8 kwa 8. Ukipima 300 kwa amri moja, agizo hilo moja litawaangukia wote. Tenzi zitaambiwa zimepungukiwa nusu ya mizani. Mashairi huru, ambayo tunayo katika vitabu tangu Kezilahabi alipotoa Kichomi mwaka 1974, yatahukumiwa kwa sheria ambayo hayakuahidi kuifuata. Basi programu iruhusu kila shairi libebe bahari yake, iandikwe hata katika mstari wa kwanza wa faili. Kuwatendea wote sawasawa huku wakiwa tofauti si usawa.

Tena mizani yenyewe ina mashaka ambayo jicho la binadamu huyatatua bila kujua kuwa limeyatatua. Silabi za Kiswahili nyingi huishia kwa irabu, lakini si zote: "mtu" ni silabi mbili, m-tu, na "nchi" ni mbili, n-chi. Programu inayohesabu irabu peke yake imekwisha kukosea hapo. Ngumu zaidi ni neno kama "mbaya". Katika "mtu mbaya" m ni kiambishi cha ngeli, nayo ni silabi kamili: m-ba-ya, tatu. Katika "nyumba mbaya" sauti hiyo imeungana na b: mba-ya, mbili. Maandishi ni yaleyale, mizani si ileile, na kinachoamua ni nomino iliyotangulia. Shairi likiwa moja, mimi nipo na nitaona. Yakiwa 300, sipo. Kwa hiyo programu iliyopanuliwa lazima ijifunze tabia ambayo programu ya kimoja haikuihitaji: kukiri shaka. Iseme, "mshororo huu ni 8 au 7, mwenye shairi atazame." Isipofanya hivyo, kosa dogo lililokuwa likisahihishwa kwa jicho litazidishwa mara 300 na kupewa muhuri wa mashine. Nina hofu ya kweli kuwa siku moja mhariri kijana atalikata neno zuri la marehemu ili limridhishe mhesabu asiyejua ngeli.

Sasa nafikia jambo la nne, ambalo ndilo lililonichomoa kalamu mfukoni: usemi wa programu yenyewe. Programu ikishughulikia vingi, ni lazima iseme juu ya vingi. Waingereza na Wamarekani walilikwepa jambo hilo kwa ujanja wa mabano. Watumiaji wa MS-DOS watakumbuka ujumbe uliotokea baada ya kunakili: "1 file(s) copied". Herufi s ikafungwa katika mabano, msomaji achague mwenyewe. Kwao ujanja huo ulipita kwa kuwa kitenzi chao hapo hakibadiliki na wingi wao ni herufi moja mwishoni mwa neno.

Jaribuni kwa Kiswahili. "(Ma)faili 1 (li)(ya)menakiliwa." Hiyo si lugha ya mtu. Na ni afadhali ingekuwa faili peke yake. Programu ya mashairi hutaja vitu vingi, na kila kimoja kina ngeli yake: shairi 1 limepimwa, mashairi 12 yamepimwa; ubeti 1 umepimwa, beti 12 zimepimwa; mshororo 1 umepimwa, mishororo 12 imepimwa; kipande 1 kimepimwa, vipande 12 vimepimwa; silabi 1 imehesabiwa, silabi 12 zimehesabiwa; mtunzi 1 ametajwa, watunzi 12 wametajwa. Nomino sita, na karibu kila moja inavuta kitenzi upande wake. Mtunzi wa programu aliyeandika sentensi moja yenye pengo la namba na pengo la nomino, akidhani kitenzi "imepimwa" kitawatosha wote, ametuletea Kiswahili cha mgeni aliyeshuka melini jana.

Wala kisingizio cha kuwa vifaa havipo hakina mashiko. Kifaa cha GNU kiitwacho gettext, ambacho programu nyingi hukitumia kubadili lugha ya ujumbe wake, kina njia maalumu ya kuchagua sentensi kulingana na namba. Wataalamu wake wanajua kuwa lugha hazilingani katika jambo hili: katika orodha za viwango zinazotumiwa na watunzi wa programu, Kichina kina umbo moja tu la kuhesabia, Kiswahili kina mawili, umoja na wingi, na Kiarabu kina sita. Tena mwongozo wa gettext unawaasa watunzi waandike sentensi nzima, wasizigawe vipandevipande na kuziunga. Yaani ushauri umetolewa tangu zamani. Kinachotakiwa ni kuandika sentensi mbili badala ya moja kwa kila nomino, ili mfasiri wa Kiswahili apate mahali pa kuweka upatanisho wake. Kwa programu yetu hizo ni sentensi 12. Nauliza: kijana aliyeweza kuitungia kompyuta njia ya kutambua silabi, anashindwaje kuandika sentensi 12?

Nami naongeza ya kumi na tatu. Amri ikipewa nyota na folda ikawa tupu, isituambie "mashairi 0 yamepimwa". Hakuna Mswahili asemaye hivyo. Iseme "Hakuna shairi lililopatikana." Na shairi moja likishindikana kati ya mengi, kitenzi kifuate lililoshindikana: "Shairi 1 kati ya 300 halikusomeka", si "hayakusomeka". Mambo haya ni madogo kwa asiyeipenda lugha. Kwetu sisi ndiyo lugha yenyewe. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi zinazosema Kiswahili, na tukaona kuwa kompyuta inaweza kuzungumza nasi kwa lugha yetu. Baada ya hapo, kukubali "mashairi 12 imepimwa" ni kurudi nyuma kwa hiari.

Sasa niwajibu wapinzani wangu, maana wako wa kambi mbili.

Kambi ya kwanza ni ya vijana wa kompyuta wenye itikadi. Wananikumbusha falsafa ya Unix, inayonasibishwa na Doug McIlroy, kwamba kila programu ifanye jambo moja na ilifanye vizuri. Anayetaka zaidi aunganishe programu kwa mabomba na vitanzi. Itikadi hiyo naiheshimu. Ila wanaisoma vibaya. Kufanya jambo moja si kulifanyia kitu kimoja. Jiwe la kusagia hufanya jambo moja, yaani kusaga, wala halisagi punje moja ikaondolewa ndipo ya pili iwekwe. Programu za Unix zilezile nilizozitaja, wc, grep, cp, zote hupokea majina mengi, na hakuna aliyewahi kuzishtaki kuwa zimeasi falsafa. Jina la cat lenyewe limefupishwa kutoka katika neno la Kiingereza lenye maana ya kuunganisha, na huwezi kuunganisha kitu kimoja. Wakubwa wa itikadi hiyo waliielewa. Wanaoitumia kama kinga ya uvivu ni wafuasi.

Kambi ya pili ni ya watunzi wenzangu, tena wazee wa rika langu. Wao husema: ushairi si wa kupimwa na mashine, shairi lisomwe kwa sauti, moja moja, na wingi ni wa magunia ya korosho. Ndugu zangu, nami napenda shairi lisomwe kwa sauti. Lakini kaka wa kazi yetu alikuwa ni kuhesabu kwa vidole tangu utotoni. Vidole navyo ni chombo, na hakuna aliyesema vinaua ushairi. Kaluta Amri Abedi aliandika kitabu kizima cha sheria za kutunga, kikatoka mwaka 1954, na sheria zinazoandikika zinaweza kupimika. Kupima hakumnyimi mtu kusoma. Na nawaulizeni: wakati ninyi mnasoma moja moja kwa sauti, nani anayachunga yale 299 yaliyobaki sandukuni? Mchwa hawasomi moja moja. Tukikataa zana ya wingi, hatujaulinda ushairi. Tumeuachia wadudu na usahaulifu. Na tukikaa nje ya mjadala, zana itatungwa bila sisi, na itahesabu "mtu" kuwa silabi moja.

Kwa hiyo ninalotaka ni bayana. Kwa watunzi wa programu: msituuzie kitanzi kwa jina la upanuzi. Amri ipokee majina mengi yenyewe, kila jibu lije na jina lake, kosa la mmoja litajwe wala lisiwazuie wengine, kitu na mahali vitenganishwe, shaka isemwe, na usemi uwe wa Kiswahili chenye upatanisho. Kwa watunzi wa mashairi: wapeni vijana hawa mashairi yenu magumu ya kuijaribia programu, yale yenye "mbaya" za ngeli mbili, yale yenye mizani ya makusudi isiyo ya kawaida, na kaeni nao mkatunge zile sentensi 13. Kazi hiyo haihitaji elimu ya kompyuta. Inahitaji mtu anayejua kuwa ubeti ukizidi mmoja huwa beti, na kitenzi nacho hakina budi kusikia habari hiyo.

Nafunga kwa ubeti mmoja, mwenye kutaka kuuhesabu mizani na auhesabu:

Amri ipewe wengi, isiwafanye mmoja,
Kila jina kwenye wingi, lije na jibu pamoja,
Moja likioza, mengi, yasifanywe ya kungoja,
Lugha ina ngeli nyingi, upatanisho ni hoja.